Makabidhiano ya Mkunga

Watu walimwita Kanuni, naye hakulikataa jina hilo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki ya meno, chumba chenye harufu ya nta iliyoyeyuka na vumbi la plasta lililomganda hadi kwenye nyusi. Lakini aliyetaka kumjua hasa alipaswa kumkuta Jumamosi mchana, kwenye meza ya michezo. Nyumbani alikuwa na michezo mia moja na kumi na saba, ya ubao na ya karata, ameipanga kwenye kabati lililojaza ukuta mzima, na kila mmoja alikuwa na neno lake la kuusema.

Maneno yake hayakuwa na sukari. Michezo ya dadu aliiita bahati nasibu iliyovaa tai. Ile inayokuja na masanamu ya plastiki ya kila rangi aliisema kwa maneno manne tu: boksi zito, akili nyepesi. Ile ambayo kila mchezaji hujenga mji wake kwenye ubao wake ilimuudhi zaidi. "Kila mtu analima kwake, mwisho mnakutana kupima magunia," alisema. "Sasa mliketi meza moja kwa nini?" Hata michezo ya kushirikiana, inayosifiwa siku hizi kwa sababu haimwachi mtu akilia, hakuipa nafasi. Mwenye mdomo hugeuka kocha, wengine wanabaki kuwa vidole vyake. Yeye alipenda mchezo mdogo, karata chache za kuenea mfukoni, mchezo unaomfanya mwenzako akutazame usoni kabla hajatoa ya kwake.

Maoni hayo aliyaandika kila Jumapili na kuyatuma kwenye kundi la simu lenye watu karibu mia tatu. Wapo walionunua au kuacha kununua kwa neno lake. Na alikuwa na jambo moja la kujivunia: hakuhitaji kuucheza mchezo ili kuujua. "Nikishasoma kanuni zake, nimeshaucheza," alikuwa akisema. "Mpishi haonji chungu kizima."

Katika klabu yao ya Jumamosi palikuwa na mama mmoja mstaafu aliyeitwa Mkunga, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya miaka thelathini na nne. Alicheza kimya, akapoteza kimya, akashinda kimya. Siku moja alibaki nyuma hadi wengine wote walipoondoka, kisha akatoa mkobani bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni.

"Mwanangu," alisema, "hii nimeitunga mwenyewe. Wewe ndiye unayejua. Icheze, halafu uniambie kweli."

Ndani mlikuwa na karata zilizokatwa kutoka kwenye maboksi ya dawa na kuandikwa kwa kalamu ya bluu, pamoja na karatasi nne za maelezo. Wachezaji walikuwa wauguzi wodini. Kila zamu ilipokwisha, mchezaji alimkabidhi jirani yake mgonjwa mmoja, karata ikiwa imefunikwa, na kumweleza jambo moja tu kumhusu. Katikati ya karatasi ya pili palikuwa na sentensi iliyopigiwa mistari miwili chini yake: Usidanganye, lakini usiseme yote.

Kanuni alizisoma karatasi zote nne Jumapili asubuhi huku akinywa chai. Aliziona herufi zilizolala upande, akaona homa, dripu na vitanda, akaamua. Bahati tupu. Aliyepewa karata mbaya ndiye atakayelia. Akairudisha bahasha kwenye rafu ya chini ya kabati, akachukua boksi jingine. Mara tatu Mkunga alimuuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusumbua, na mara zote tatu alijibiwa, "Bado nautazama, mama." Miezi mitano ikapita.

Katika miezi hiyo mdogo wake Kanuni alikuja siku moja kula chakula cha mchana. Alikuwa mchoraji wa mabango, kijana wa miaka thelathini ambaye Kanuni alimlea tangu akiwa na miaka tisa na yeye mwenyewe kumi na tisa, walipobaki wawili tu. Alikuwa na tabia ya kupekua kabati wakati dada yake anaosha vyombo.

"Dada, huu ni wa nani?"

"Wa mama mmoja wa klabu. Hauna kitu."

"Naweza kuuangalia?"

"Chukua. Utaurudisha."

Aliurudisha baada ya wiki, na Kanuni hakuufikiria tena.

Mashindano ya michezo mipya yalifanyika kwenye ukumbi wa maktaba. Palikuwa na meza nane, kila meza na boksi moja lenye namba bila jina la mtu; majina yalikuwa kwenye bahasha zilizofungwa, anazo mkutubi. Mchezo utakaoshinda ungechapishwa na kuuzwa madukani. Waamuzi walikuwa watatu: Mwalimu, aliyefundisha hesabu hadi akastaafu na ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti, mama mwenye duka la michezo, na Kanuni. Asubuhi wangeicheza yote minane peke yao, milango ikiwa imefungwa. Mchana umma ungeruhusiwa kuijaribu, kisha mshindi atangazwe.

Boksi la kwanza lilikuwa na dadu. La pili lilikuwa na dadu nyingi zaidi. La tatu lilichukua dakika arobaini na Kanuni akapiga miayo mara sita. Walipofika meza ya nne alikuwa ameshaanza kutafuta makosa kabla kifuniko hakijafunguliwa.

Boksi hilo lilikuwa limeandikwa "Shehena". Michoro yake ilipendeza. Wachezaji walikuwa madereva wa malori kwenye bohari, na kila safari ilipokwisha, dereva alimkabidhi mwenzake mzigo uliofunikwa na kumweleza jambo moja tu juu yake. Mwenye duka ndiye aliyesoma maelezo kwa sauti, kwa haraka, akiruka mistari. Wakaanza.

Katika mzunguko wa pili Mwalimu alimsogezea Kanuni karata. "Mzigo huu hautaki joto," alisema, akanyamaza.

Kanuni aliitazama karata ile. Hautaki joto kwa sababu ni barafu, ambayo angeipitisha njia yoyote na kupata pointi? Au hautaki joto kwa sababu ni petroli, ambayo ingemlipukia mkononi? Mwalimu alikuwa amesema kweli, kanuni zilimlazimisha. Swali lilikuwa ni kweli ipi amebaki nayo. Kanuni akamwangalia usoni. Mwalimu akakuna sikio. Hapo akagundua kwamba ameacha kutafuta makosa. Moyo ulikuwa unamdunda kwa ajili ya kipande cha karatasi. Ilikuwa imepita miaka tangu mchezo umfanye hivyo.

Ilikuwa petroli. Alipoteza mzigo, akacheka peke yake, na walipomaliza akaandika tisa kati ya kumi, alama ambayo hakuwahi kumpa mtu.

"Leo mvua itanyesha," mwenye duka alisema alipoiona.

Kanuni akachukua kijitabu cha maelezo kuhakikisha jambo dogo la kuhesabu pointi. Ukurasa wa pili, katikati, alikutana na sentensi iliyopigiwa mistari miwili: Usidanganye, lakini usiseme yote.

Akaisoma tena. Halafu, kama mtu aliyesikia sauti anayoijua gizani, akayaona maandishi yenyewe. Kila herufi y ilikuwa na mkia uliopinda kama ndoano, na kila g vilevile. Mikia hiyo aliiona kwenye daftari za shule alizozisahihisha mezani kwake, akaiona kwenye mabango ya saluni na maduka ya viatu nusu ya mji.

"Kuna nini?" Mwalimu aliuliza.

"Hakuna," Kanuni alisema. "Tuendelee."

Hakukumbuka alichokicheza kwenye meza nne zilizobaki.

Wakati wa chai alimkuta mdogo wake nyuma ya jengo, karibu na matangi ya maji, amevaa shati alilolipiga pasi hadi kwenye ukosi. Alipomwona dada yake akatabasamu kwa haya, kama mtoto aliyefaulu mtihani bila kumwambia mtu.

"Nilitaka iwe ya kushtukiza," alisema. "Umeipenda?"

"Meza ya nne ni yako?"

"Umejuaje?"

"Na mchezo ni wa nani?"

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilichukua muda, kama maji yanavyopotea mchangani. "Nimeuchora mimi. Karata zote, ubao, maelezo. Miezi mitatu, dada."

"Nimekuuliza mchezo ni wa nani."

"Wewe ulisema hauna kitu."

Kanuni akakizungusha kikombe chake cha chai.

"Ulisema hivyo hivyo, umesimama jikoni. Hauna kitu. Nikaupeleka kazini, tukaucheza na wenzangu, mara ya kwanza tu tukasahau kula. Nikasema, basi dada hautaki, mwenyewe ameutupa, nani atakayeumia? Tena wewe ndiye unayeandika kila siku kwamba michezo yote inaazimana, hakuna mwenye hatimiliki ya kuzungusha karata."

"Niliandika kuazimana. Aliyeazima humwambia mwenye mali." Kanuni alimsogelea. "Hata sentensi yake hukuibadilisha."

"Ilikuwa nzuri," alisema mdogo wake, na kwa mara ya kwanza akainamisha macho. Halafu akayainua. "Utawaambia?"

"Nenda ukaiondoe mwenyewe. Mwambie mkutubi umeghairi."

"Mama huyo hayupo hapa. Hatajua kamwe. Maisha yangu yote napanda ngazi kuandika majina ya maduka ya watu, dada. Leo ni mara ya kwanza kitu chenye jina langu kukaa mezani."

Kengele ikalia ndani. Kanuni akabaki amesimama, kikombe kimempoa mkononi. Angeweza kujitia hamnazo. Angeweza kupunguza alama kutoka tisa hadi nne, mchezo ukashindwa, kila mtu akarudi kwake na siri ikafa. Wazo hilo alilibeba hadi mlangoni mwa ukumbi, na pale mlangoni, kwenye foleni ya watu waliokuja kujaribu michezo, akamwona Mkunga, amevaa gauni lake la Jumamosi na mkoba begani.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuona akili za watu."

Mkunga alizunguka polepole. Akaitazama meza ya kwanza, akatikisa kichwa, akapita. Kwenye meza ya nne palikuwa na kiti kimoja kitupu. Kanuni alifikiri kumwita, kumwonyesha kitu kingine, kumvuta mkono. Mkunga akaketi, mkutubi akaanza kueleza.

Mdogo wake Kanuni alikuwa dirishani. Hakumjua Mkunga kwa sura, lakini aliuona uso wa dada yake, na hilo lilimtosha.

"Ukimaliza safari," mkutubi alikuwa akisema, "unamkabidhi mzigo aliye kulia kwako, na unamwambia—"

"Jambo moja," alisema Mkunga.

"Ndiyo, jambo moja. Na kanuni kubwa ni kwamba—"

"Nisidanganye." Kidole cha Mkunga kilikuwa kimesimama juu ya karata. "Lakini nisiseme yote."

Mkutubi akacheka. "Kumbe umeshaucheza, mama?"

Mkunga aliinua macho, akayapitisha juu ya vichwa vya watu mpaka yakamkuta Kanuni, aliyevaa kitambulisho cha mwamuzi shingoni. Akamtazama kwa muda mrefu, bila kukunja uso. Kanuni aliyewahi kuketi mbele ya wachezaji wa kila aina hakuweza kuyastahimili macho yale.

"Nimeshaucheza," Mkunga alisema hatimaye. "Tuendelee."

Akaucheza hadi mwisho. Aliwakabidhi wenzake mizigo yao kwa sauti ya upole, neno moja moja, na kila aliyeambiwa alibaki akiuma kidole. Watu wakaanza kukusanyika kuizunguka meza. Alishinda kwa mbali. Kisha akazipanga karata, akazigonga pembe zake ziwe sawa, akaziweka katikati ya ubao, akachukua mkoba wake.

Kanuni alimfikia kwenye ngazi za nje.

"Mama."

"Nilikupa wewe tu," alisema Mkunga. Hakugeuka. "Sikumpa mtu mwingine duniani."

"Si mimi, mama."

Ilikuwa kweli, nayo ingetosha kumwokoa. Mkunga aligeuka, akasubiri. Nyuma yao mlango ulikuwa wazi, na Mwalimu alikuwa amesimama kizingitini na penseli yake sikioni. Alikuwa ameona mwamuzi wake akitoka mbio. Kanuni alijua akinyamaza hapo, mwizi atakuwa mtu asiye na jina.

"Ni mdogo wangu. Aliukuta kabatini kwangu, nami nikampa kama kitu cha kutupwa. Nilimwambia hauna kitu. Asubuhi hii nimeutambua na nikanyamaza, na kabla ya kuutambua niliupa tisa." Akamgeukia Mwalimu. "Niondoe kwenye uamuzi. Na meza ya nne haina haki ya kuwa pale."

Mwalimu akavua miwani. "Twendeni ndani," alisema.

Shauri lilisikilizwa kwenye chumba cha mkutubi, katikati ya vitabu vilivyosubiri kushonwa. Mwenye duka alitetea kwamba njia za mchezo hazina mwenyewe, na michoro ni ya kijana. Mwalimu alimwita kijana. Alipoingia, shati lake lilikuwa limelowa kwapani. Mwalimu alimuuliza swali moja: bila bahasha ya mama huyu, mchezo huu ungekuwepo?

Kijana alimwangalia Mkunga. "Nilidhani hautakiwi na mtu," alisema.

"Hilo silo nililouliza."

"Usingekuwepo."

Akaenda kulichukua boksi lake mbele ya watu wote. Alipita karibu na dada yake kiasi cha bega kumgusa bega, hakumtazama. Mwalimu akamwambia Mkunga kwamba wanaweza kuuingiza mchezo kwa jina lake, hata sasa hivi. Mkunga akakataa. Hakuja kushindana, alisema, alikuja kutazama. Ushindi ukaenda kwa boksi la saba, lililohusu mizinga ya nyuki, na watu wakapiga makofi bila kujua kwa nini nafasi ya mwamuzi mmoja ilikuwa tupu.

Kanuni alimsindikiza Mkunga hadi barabarani. Walitembea hadi kwenye kona.

"Uliucheza mara ngapi?" Mkunga aliuliza.

"Sikuucheza."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja, mama. Niliusoma."

Mkunga akatikisa kichwa taratibu. Hilo, Kanuni aliona, lilimuingia kuliko wizi wenyewe. "Miezi mitano nilidhani ni mbovu na unanionea haya," alisema. "Nikawa nashukuru kwa ustaarabu wako." Akavuka barabara.

Kanuni alimrudishia Mkunga bahasha yake, na Jumapili iliyofuata akawaandikia watu wake mia tatu. Hakumtaja mdogo wake. Aliorodhesha michezo ishirini na mitatu aliyowahi kuihukumu bila kuicheza, akaeleza na ule mmoja alioletewa kwenye bahasha. Wengine walimpongeza, jambo lililomtia aibu zaidi. Wengine waliondoka kwenye kundi. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, naye hakuitafuta pole.

Mdogo wake hakupokea simu kwa wiki mbili na siku tatu. Siku ya nne alitokea kazini kwa dada yake, mchana, Kanuni akiwa anapanga meno ya mbele kwenye nta, taa ya spiriti ikiwaka pembeni. Alisimama mlangoni.

"Nilikwenda kwa yule mama," alisema. "Nimempa boksi na kila kitu. Hakunikaribisha ndani."

"Ulitaka akukaribishe?"

"Sikutaka chochote. Alikuwa na bahasha yake mkononi, ile uliyomrudishia. Akahesabu karata palepale mlangoni. Akaniambia inapungua moja." Akakwaruza rangi iliyokauka kwenye kidole gumba. "Nimetafuta kwangu kote. Labda iko kabatini kwako."

Kanuni akazima taa ya spiriti.

Nyumbani walitoa michezo yote kabatini, mmoja mmoja, mpaka sebule haikuwa na pa kukanyaga. Hawakuzungumza zaidi ya "sogeza" na "shika huku". Karata walikuja kuipata nyuma ya rafu ya chini, imesimama kati ya ubao na ukuta, upande mmoja nembo ya dawa ya kikohozi, upande wa pili kalamu ya bluu: Kitanda cha sita. Homa haishuki.

Mdogo wake akanyoosha mkono aichukue. "Nitampelekea."

"Twende wote," alisema Kanuni.

Mkunga alifungua mlango, akaipokea karata, akaigeuza kutazama pande zote mbili. Chumba nyuma yake kilikuwa na meza ya duara na viti vinne vya mbao. Aliwatazama hao wawili waliosimama kama watu walioitwa kwa mwalimu mkuu. Ilionekana angefunga.

"Mchezo huu hauchezwi na mtu mmoja," alisema mwishowe. "Wala wawili. Ingieni. Vueni viatu."

Hakuwapa chai, wala hakuuliza habari za nyumbani. Aligawa karata kwa mkono mwepesi na wakacheza mara tatu. Kanuni alishindwa mara zote tatu, na mara ya tatu alishindwa na mdogo wake, aliyemkabidhi mgonjwa kwa kumwambia, "Huyu anapenda kuimba," bila kumtazama. Mkunga aliandika kitu kwenye daftari baada ya kila mzunguko. Alipoulizwa, alisema karata za dripu ni nyingi mno, atapunguza mbili. Saa kumi na moja akasimama, nao wakajua ni wakati wa kwenda. Hakuwaambia warudi, wala hakuwaambia wasirudi.

Njiani mdogo wake alitembea hatua mbili mbele.

"Bado nimekukasirikia," alisema.

"Najua."

"Ningekuambia uninyamazie, ungekubali?"

Kanuni alifikiria kweli, kwa sababu alikuwa ameulizwa kweli. "Hadi mlangoni mwa ukumbi," alisema, "nilikuwa nimekubali."

Mdogo wake akapunguza mwendo, hatua mbili zikawa moja. Wakatembea hivyo mpaka njia zao zilipoachana.